Kabla Damu Haijafika: Mbinu za Kumwandaa Binti Anayekua

Mwezi wa kumi hapa Fungurume, Katanga, ni mwezi wa joto. Mvua inatishia lakini haijashuka, na vumbi la malori ya madini linalopanda kutoka barabara kuu linatua hadi juu ya majani ya miembe. Ukiona binti wa miaka kumi au kumi na mmoja anakwenda shule amevaa pulova juu ya shati lake jeupe katika joto hilo, usimgombeze, wala usikimbilie kumpima malaria. Mara nyingi anaficha kifua. Matiti yameanza kuota, shati ni jepesi, wavulana wana macho, naye hajui amwambie nani.

Pulova hiyo ikusaidie kuhesabu. Tangu matiti yaanze kuota mpaka hedhi ya kwanza, kwa kawaida hupita miaka miwili hadi mitatu. Huo ndio muda uliopewa wa kumfundisha, na wengi wetu tunaupoteza. Tunangoja mpaka damu ionekane kwenye sketi, ndipo tantine anaitwa haraka, anamvuta mtoto pembeni na kumwambia, "Sasa uko mukubwa, kaa mbali na wanaume." Basi. Mtoto anabaki na damu asiyoielewa na hofu asiyoiomba.

Wazee wengine wa pande hizi hawakungoja. Kwa Wandembu, ndugu wa Walunda, ngoma ya wasichana iitwayo nkang'a ilichezwa matiti yanapoanza kuota, si damu inapotoka. Victor Turner, aliyeishi nao kaskazini-magharibi mwa Zambia ya leo katika miaka ya 1950, alieleza jinsi mwali alivyolazwa kutwa, amefunikwa blanketi, chini ya mti wa mudyi, ambao gome lake likikwaruzwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Wabemba wao waliicheza chisungu baada ya hedhi ya kwanza. Ile aliyoishuhudia Audrey Richards mwaka 1931 ilichukua siku 23. Simwambii mtu arudishe ngoma. Kwa Wandembu nachukua jambo moja tu: mafunzo yaanze na matiti. Kinachofuata ni namna ya kulifanya hilo katika nyumba ya leo, penye binti mmoja, beseni moja na bidoni mbili za maji.

Jua kwanza kinachofuatana na kipi

Huwezi kumtuliza mtoto kwa jambo linalokushangaza wewe mwenyewe. Mabadiliko haya huanzia kichwani: tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huziamsha ovari, vile vifuko viwili vya mayai, nazo huanza kutoa homoni ya estrojeni. Kuanzia hapo mambo hufuatana karibu kwa zamu.

Matiti hutangulia, kati ya miaka 8 na 13. Huanza kama kidonge kigumu chini ya chuchu, kinachouma kikiguswa, na mara nyingi upande mmoja hutangulia mwingine kwa miezi kadhaa. Mwambie mapema kwamba hilo si jipu wala uvimbe. Kisikandwe kwa kitu cha moto, kisifungwe kwa kitambaa cha kubana: hakirudi ndani, ila ngozi huungua na mtoto huumia.

Hufuata vinyweleo sehemu za siri na kwapani, jasho lenye harufu mpya, na chunusi. Hapo ndipo kwapa zinapohitaji maji na sabuni kila siku. Chunusi zioshwe taratibu mara mbili kwa siku na zisiminywe. Akiuziwa mafuta ya kuchubua sokoni kwa ahadi ya kumaliza chunusi, mzuie: mengine yana zebaki au hidrokwinoni, na yanaharibu ngozi kuliko chunusi zenyewe.

Kisha anarefuka ghafla. Viatu ulivyonunua shule zilipofunguliwa mwezi wa tisa havifiki Pasaka. Nyonga zinapanuka, uzito unaongezeka, na michirizi inaweza kutokea kwenye mapaja. Haya yote ni kukua. Asijinyime chakula kwa kudhani ananenepa.

Dalili ya karibu zaidi ni ute. Miezi sita hadi kumi na miwili kabla ya hedhi ya kwanza, wasichana wengi huona ute mweupe au usio na rangi kwenye chupi. Kama hauwashi wala haunuki vibaya, si ugonjwa. Ni taarifa: mfuko wa pedi uwe tayari.

Mwishoni huja damu yenyewe. Wengi huiona kati ya miaka 10 na 15. Baada ya hapo binti huongeza sentimita chache tu, kisha urefu husimama.

Chagua mahali pa kusemea

Mazungumzo haya hayapendi meza wala macho kwa macho. Msuke nywele. Chambueni sombe. Mikono ikiwa na kazi na macho yakitazama kwingine, ulimi hulegea. Msuko mmoja unakupa saa mbili, na mtoto hawezi kukimbia huku nusu ya kichwa haijasukwa.

Kwetu binti mwenye jina la bibi yake huitwa mama hata na mama yake mzazi. Anza hivyo:

"Mama yangu, naona pulova kila siku. Kifua kinauma?"

Akinyamaza, endelea kusuka. Usimkazie swali. Mpe kisa chako badala yake:

"Changu kilianza upande wa kushoto. Nikafikiri ni ugonjwa, nikakaa nacho peke yangu miezi mitatu."

Kisa cha mtu mzima aliyepita njia hiyohiyo hufungua mlango kuliko somo. Tanzania wamelijaribu hilo: mtafiti Marni Sommer aliwaomba wasichana waandike visa vya hedhi yao ya kwanza, na visa hivyo vikaingia katika kitabu cha wasichana kiitwacho Vipindi vya Maisha.

Tumia majina halisi: uke, mji wa mimba, ovari, hedhi. Wengi wetu husema règles kwa Kifaransa, na si vibaya, lakini mtoto asiyejua jina la kiungo chake hawezi kumweleza muuguzi panapouma, wala kusema wazi mtu akimgusa vibaya.

Hedhi yenyewe ieleze hivi: kila mwezi mji wa mimba hujitandikia ndani utando laini wenye damu, kama mtu anayetandika kitanda akingoja mgeni. Mgeni asipokuja, tandiko hutolewa nje kupitia ukeni, siku mbili hadi saba, kisha hutandikwa upya. Damu inayotoka huonekana nyingi, kumbe kwa siku zote hizo kwa kawaida ni vijiko vikubwa viwili au vitatu. Mwambie pia kwamba mara ya kwanza inaweza kuwa ya kahawia, si nyekundu. Wasichana wengi hudhani wamejichafua, wakafua chupi usiku kwa siri.

Usiyamalize yote siku moja. Matiti leo, ute mwezi ujao, damu baadaye. Mafunzo ya vijiko vidogo hukaa.

Funga mfuko mapema

Ute ukishaonekana, tafuta kifuko cha kitambaa kinachoingia kwenye begi la shule bila kuonekana. Ndani weka pedi mbili au tatu, chupi safi, kipande cha sabuni, kitambaa kidogo cha kujifutia, na mfuko wa plastiki usiovuja wa kurudishia kilichotumika. Pulova sasa ipate kazi nyingine: ikifungwa kiunoni, hufunika doa kwenye sketi ya buluu mpaka nyumbani.

Mwonyeshe pedi inavyobandikwa kwenye chupi, usidhani atajua. Itoe kwenye pakiti, ibandike, imwagie maji kidogo ayaone yanavyonyonywa. Ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita hata kama haijajaa. Iliyotumika ikunjwe kwenye karatasi, itupwe kwenye takataka au ichomwe, isitupwe kwenye choo cha kuvuta maji.

Shona pedi za kitambaa

Pedi za dukani, zile ambazo wengi kwetu huziita Kotex hata zikiwa za chapa nyingine, ni fedha inayotoka kila mwezi. Kenya iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2004, na mwaka 2017 ikapitisha sheria kwamba serikali iwape wasichana wa shule pedi bure. Wewe usingoje sheria. Pedi sita za kitambaa, zikitunzwa, humfikisha mtoto mwaka mzima na zaidi.

Kosa la kwanza la wengi ni kukata kikwembe kipya. Waksi mpya ni ngumu, na maji huteleza juu yake. Tafuta pamba iliyozeeka: kikwembe kilichofuliwa miaka, fulana kuukuu, taulo lililochakaa.

Kata umbo kama jani refu, sentimita 25 kwa urefu na 8 kwa upana, lenye masikio mawili katikati, moja kila upande. Kwa usiku ongeza urefu hadi sentimita 30. Tandika tabaka hivi: juu, panapogusa mwili, kitambaa laini kuliko vyote; katikati, vipande vinne vya fulana au viwili vya taulo, bila masikio; chini, kitambaa kizito kinachozuia damu kupita. Nailoni ya mwavuli uliovunjika hufaa. Shona ukingo wote, kisha upitishe mshono mmoja katikati ili tabaka zisihame. Kwenye masikio weka kifungo cha kubana, yakutane chini ya chupi.

Kama huna cherehani, fundi wa sokoni atashona sita kwa muda mfupi. Mpeleke binti mwenyewe. Akiona mtu mzima anaagiza jambo hili bila kunong'ona, amepata somo jingine.

Fua kwa maji baridi, anika juani

Damu ikikutana na maji ya moto huganda kwenye uzi na doa halitoki. Kwa hiyo anza na maji baridi: loweka nusu saa, kamua, mwaga, kisha sabuni, sugua, suuza mpaka maji yawe meupe.

Maji yenyewe yachaguliwe. Usifulie kwenye kijito ambako watu wanaosha madini, hata kama ndicho cha karibu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, akiwemo Célestin Banza, walionyesha mwaka 2009 kwamba watu wanaoishi karibu na migodi ya Katanga wana kobalti nyingi katika mkojo. Kitambaa kinachokaa siku nzima kwenye ngozi laini hakistahili maji hayo. Bidoni moja ya maji ya kisima yatosha.

Halafu anika juani. Hapa ndipo aibu inapoleta magonjwa: wasichana huanika chini ya godoro au nyuma ya kabati, kitambaa kinakauka nusu, kinavunda, kesho kinavaliwa. Kama hataki majirani waone, mruhusu afunike kwa kitambaa chepesi kwenye kamba, jua litapita. Masika, jua likikosekana, malizia kwa pasi ya makala mpaka kikauke kabisa, kisha kihifadhiwe kwenye mfuko safi.

Mwili nao uoshwe kwa nje tu, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa maji safi. Ndani ya uke hapaingizwi sabuni, chumvi wala majani, hujisafisha penyewe. Wala hakuna kiungo chake kinachohitaji kuvutwa au kukatwa ili akamilike.

Damu ikishafika

Siku yenyewe sema maneno mawili kwanza: "Uko salama." Mpe maji ya kuoga, pedi, chakula cha moto. Usiitangaze kwa ukoo wote kabla hujamuuliza yeye anataka nani ajue. Kama mlango ulifunguliwa kwenye msuko wa miaka miwili iliyopita, siku hii itapita kama siku nyingine.

Jikoni aingie, apike, atie chumvi kwenye mboga. Mboga haitaharibika. Shule aende, kanisani aende.

Mpe kalamu na kalenda ya ukutani. Azungushie siku ya kwanza ya damu, kila mwezi. Kutoka siku ya kwanza hadi siku ya kwanza inayofuata ndio mzunguko. Akianza tarehe 3 mwezi wa tatu na tena tarehe 9 mwezi wa nne, mzunguko ni siku 37, na kwa msichana mchanga hiyo ni kawaida: wao huenda kuanzia siku 21 hadi 45, na miaka miwili ya kwanza siku hizo huyumbayumba. Kwa sababu hiyo asitegemee kuhesabu "siku salama". Mwambie bila kuzunguka: yai hutoka kabla ya damu, kwa hiyo msichana anaweza kushika mimba hata kabla hajaona hedhi ya kwanza.

Maumivu na chakula

Tumbo la chini huuma kwa sababu mji wa mimba unajikaza kusukuma tandiko nje. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, izungushie kikwembe, aiweke chini ya kitovu. Kutembea husaidia kuliko kulala kutwa. Yakizidi, ibuprofeni baada ya chakula au parasetamoli, kwa kipimo cha umri wake, kutoka duka la dawa linaloaminika, si vidonge vya rejareja vya mtembezi. Asipirini asipewe mtoto.

Damu inayotoka huchukua chuma, na malaria nayo imekwisha kuchukua sehemu yake. Kwa hiyo bukari ipate mwenzake: sombe, lengalenga, maharage, ndakala, viwavi vilivyokaushwa, ini mfuko ukiruhusu. Chungwa au embe baada ya mboga husaidia mwili kuchukua chuma. Chai ingoje, kwani ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kupita.

Baba, na wanaume wengine

Mji huu umejengwa na watu waliofuata shaba na kobalti, na wengi waliacha ndugu mbali. Wapo mabinti wanaolelewa na baba peke yake, na kaka, na mjomba. Baba, hutakiwi kuwa tantine. Sema sentensi tatu: "Najua mwili wako unabadilika. Ni jambo jema. Fedha ya pedi iko kwenye kopo hili, chukua bila kuniomba." Kisha mtafutie mwanamke mmoja mnayemwamini wote wawili.

Fedha ya kopo hilo ina maana kubwa kuliko bei yake. Binti anayelazimika kuomba pedi nje ya nyumba atampata wa kumpa. Karibu na machimbo daima yupo mwanaume mwenye fedha ya wiki hii, mwenye simu mpya, anayeona kifua kabla ya kuona umri. Mfundishe binti kwamba zawadi yenye siri si zawadi, na kwamba akiguswa akuambie hata kama alipokea kitu, hata kama mtu huyo ni wa ukoo. Na siku akikuambia, kelele yako ya kwanza isiwe juu yake.

Jirani au mchumba akikuambia kwamba aliyeona damu yuko tayari kuolewa, sheria ya Kongo iko upande wako. Sheria namba 09/001 ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na Kanuni ya Familia iliyorekebishwa mwaka 2016 imeweka umri wa ndoa kuwa miaka 18, msichana na mvulana. Mwili nao unasema hivyohivyo: nyonga za msichana huendelea kukua miaka kadhaa baada ya hedhi ya kwanza.

Lini kwenda kituo cha afya

Usingoje ukiona mojawapo ya haya:

- Matiti kabla ya miaka 8, au hakuna dalili yoyote ya matiti akifika 13.
- Hajaona hedhi akifika 15, au miaka mitatu tangu matiti yaanze.
- Damu inayozidi siku saba, au inayojaza pedi kila saa moja au mbili.
- Hedhi iliyoanza kisha ikakatika kwa zaidi ya siku 90.
- Maumivu yanayomtoa shuleni kila mwezi.
- Ute wenye harufu kali, unaowasha, wa kijani, au unaoambatana na homa au maumivu ya tumbo.
- Weupe wa midomo na viganja, kizunguzungu, kuchoka kupita kiasi.

Binti mwenye selimundu huchelewa kukua kuliko wenzake; mpeleke apimwe, lakini asichekwe wala kulinganishwa na mdogo wake. Unapokwenda, chukua kalenda yake. Tarehe zilizozungushiwa zitamsaidia muuguzi kuliko maelezo ya nusu saa.

Haya yote hayahitaji fedha nyingi wala elimu ya udaktari. Yanahitaji kuanza mapema. Kwa hiyo kama nyumbani kwako yupo binti anayevaa pulova katika joto, mwite leo jioni, mkalishe kwenye kigoda, chukua kitana. Anza kusuka.